Majina ya Dawati la Mbele

...kidole kinashuka, kinasimama chini ya jina, kinasogea, kinasimama tena, hivyo hivyo Mwalimu alivyomfundisha yeye mwenyewe darasa la kwanza, weka kidole chini ya neno, mwanangu, usiruke, na laiti angalimfundisha kuruka, maana binti huyu Philomena, karani wa parokia mwenye miwani na kalamu sikioni, haruki hata jina moja katika kitabu hiki cha ubatizo, na akiendelea hivi, dakika tano, kumi zikizidi, atafika kwa Yakobo, atasoma kilichoandikwa mbele ya Yakobo, na yote aliyoyasema Mwalimu Method kwa miaka ishirini na mmoja yatakuwa uongo mbele ya Anatoli... Anatoli huyu hapa, mtoto wa baba yake mdogo, wamebanana bega kwa bega kwenye benchi, ametoka Nassa na basi la alfajiri, suruali imepigwa pasi, simu ameishika tayari kupiga picha ukurasa wa babu yao, "Mwangaluka, kitabu," anasema Anatoli, akikiinamia kama anayemsalimia mzee mgonjwa, "tuoneshe guku wetu, babu yetu, tumetoka mbali," na Philomena anacheka, "Kimechoka, mzee, kurasa zinashikana kama chapati," na Anatoli haachi kitu kipite, "Chapati za kwenu labda, binti, za kwetu zinaachana vizuri," wanacheka wote wawili, Mwalimu naye anacheka, anaisikia sauti yake ikicheka, kavu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuita mahudhurio.

Wanataka mwaka tu, mwaka na kijiji, Jumamosi ukoo unakutana Mwamanyili, jiwe la kumbukumbu limeshasimamishwa uani kwa marehemu baba yake Mwalimu, majina mawili yameshachorwa, Ngeleja na Nyamizi, wazazi wa Yakobo, na chini yake fundi ameacha nafasi, "mapadre wale waliandika kila kitu," alisema Anatoli kwenye simu, "wewe kaka kitabu ulikiona kwa macho yako, twende ukatuoneshe," na Mwalimu akasema ana malaria, wiki iliyofuata akasema mvua, wiki ya tatu akasema anasimamia mtihani, Anatoli akacheka mpaka akakohoa, "Mstaafu anasimamia mtihani gani, wa ng'ombe?"... na ni kweli alikiona kwa macho yake, hilo halikuwa uongo, alikaa kwenye benchi kama hili mbele ya katekista ambaye sasa ni marehemu, akaiona safu ya wazazi, na katika safu ile, mbele ya Yakobo, kijana wa miaka kama kumi na minane, padre alikuwa ameandika maneno mawili, wazazi hawajulikani, na pembeni, kwa wino mwembamba, mstari mwingine ambao Mwalimu aliusoma mara moja akafunga kitabu, hajamwambia mtu yeyote mpaka leo, hata mke wake hajamwambia... aah, usiufikirie mstari ule, mfikirie baba, baba ndiye aliyemtuma. Mzee Ndaki, mtoto wa Yakobo, mtu mpole ambaye hakuwahi kupiga mtoto wala mnyama, na kila wazee walipokutana wakaanza kutajana, fulani ng'wana fulani ng'wana fulani, mtoto wa huyu mtoto wa yule, majina sita, saba kurudi nyuma, zamu ya baba ikifika anasimama, "Mimi Ndaki, ng'wana Yakobo," halafu anakaa, watu wanamsubiri aendelee naye amekaa, anatazama vidole vya miguu yake, kwa sababu Mayige, mwenye boma alikolelewa Yakobo, alimpa chakula na fimbo ya kuchungia, ukoo hakumpa, na siku wana wa Mayige walipogawana ng'ombe, Yakobo aliyewajua ng'ombe wale mmoja mmoja kwa milio yao alibaki nje ya zizi ameshika fimbo, na mwaka mmoja kwenye pombe, Method mdogo amekaa mapajani mwa baba, mzee mmoja akasema, "Endelea basi, ng'wana zizi!" mtoto wa zizi, na watu wakacheka, na mapaja ya baba yakatetemeka chini yake, yakatetemeka kwa muda mrefu, mpaka leo akikaa vibaya anayasikia.

Na baba alipolala kitanda cha mwisho akamwita, "Method, wewe unajua kusoma maandishi ya watu wa zamani, nenda kwa mapadre, maana nikifika huko niulizie nani? Nitasimama mlangoni niseme namtafuta nani?" na Mwalimu akaja, akasoma, akarudi kwa baiskeli, nusu siku, pamba imepasuka mashambani kushoto na kulia, anakanyaga pedali anajaribu maneno, hawajulikani, baba, hawakuandikwa, baba, kitabu kimeliwa na mchwa, baba, na kila neno alilolijaribu aliuona mgongo wa baba ukigeukia ukutani, akaingia ndani jasho linamtoka, "Umewapata?" na mdomo wake, mdomo uliokuwa umeita mahudhurio kila asubuhi ya wiki ile, ukasema, "Nimewapata. Ngeleja. Na Nyamizi." Darasa la tatu, dawati la mbele upande wa dirisha, Ngeleja ambaye mpaka mwezi wa kumi na moja alikuwa hajajua kugawanya kwa saba, na Nyamizi wa pembeni yake, aliyechelewa kila siku kwa sababu ya foleni ya kisimani, pindo la sketi limelowa, anasimama mlangoni, "Mwalimu, naomba kuingia."

Na baba akayarudia majina yale kama mtu anayeonja asali, Ndaki ng'wana Yakobo ng'wana Ngeleja, akacheka, akaomba uji, akaunywa wote, baada ya wiki tatu akafa akiwa na watu wa kuwaulizia, na kama ingeishia pale Mwalimu angeomba msamaha kwa Mungu akalala, uongo wa kumpa mgonjwa maji... lakini haikuishia pale, msibani alisimama yeye mwenyewe, kwa sauti ile ya ubaoni, akawataja, wazee wakapiga makofi, na makofi yale yalikuwa matamu, ndipo akaongeza kwamba Ngeleja alikuwa mtu mrefu, alijua kuita mvua, alikuwa na ng'ombe wa madoa hata wageni walisimama njiani kuwatazama, hakuna aliyemuuliza habari za mvua, hakuna aliyemuuliza madoa, alitoa mwenyewe, bure, hapa ndipo aibu inapomshika shingoni, kwamba alifurahi, kwamba alirudi nyumbani usiku ule akipiga mluzi, mtu aliyemzika baba yake mchana.

"Yakobo wako wengi humu, Mwalimu," anasema Philomena, anatenganisha kurasa mbili kwa rula, polepole, zisichanike, "wako wa Mayige, siyo?" na Mwalimu anasema ndiyo, wa Mayige, na Anatoli anasema, "Wa kulelewa na Mayige, binti, sema vizuri, baba yake hasa ni Ngeleja, utamkuta humo," na anasema kwa fahari kubwa, kifua mbele, Anatoli huyu ambaye binti yake Lucy alipojifungua, mtoto alilia siku tisa, hospitali hawakuona kitu, bibi mmoja akasema kuna aliyelala anataka kuitwa, wakakaa wakamtajia mtoto majina ya ukoo moja moja, la huyu, la yule, mtoto analia tu, mpaka walipofika Nyamizi, mtoto akanyamaza, akashika titi, na Anatoli akapiga simu analia mtu mzima, "Amekuja, kaka! Bibi yetu amekuja!" na Mwalimu akasema nini, akasema ashukuriwe Mungu, hayo ndiyo aliyoyasema, akakata simu akabaki amesimama jikoni... mtoto sasa ana miaka sita, Anatoli humwamkia shikamoo bibi, naye huitikia marahaba bila kucheka, anatoa mkono kama mtu mzima, na Mwalimu akienda Nassa hukosa pa kuweka macho, anampa peremende, haraka, anatoka nje kuangalia mbuzi. Na yule mwingine, Nyamizi wa dawati, mwaka jana sokoni Bariadi, mwanamke mnene mwenye mtoto mgongoni, anauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, "Shikamoo Mwalimu, hunikumbuki? Nyamizi! Yule wa kuchelewa!" akamjazia michembe mfukoni, akakataa kabisa kulipwa, na Mwalimu akaondoka nayo kama mwizi, mtu aliye hai, anacheka, ana meno yote, na yeye ameshamfanya mama wa babu, ameshamzika, ameshamchonga kwenye jiwe.

"Kaka, unatetemeka," Anatoli anaweka mkono gotini kwake, "ile malaria imerudi?" hapana, ni baridi tu, "Baridi gani na jua hili," anasema Anatoli, halafu anasogea, anateremsha sauti ili binti asisikie, "Unajua mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Wengi wetu ndivyo tulivyo. Ukoo ule wote, kaka, ukishasema wewe, sisi tunahesabu limeandikwa," na anampigapiga goti kwa upendo, na afadhali angemzaba kofi... Mwalimu anatafuta njia kama alivyokuwa akiandaa somo, hatua kwa hatua, anaweza kusema kizunguzungu, atoke nje aketi kivulini mpaka ofisi ifungwe, anaweza kusema padre yule alikuwa Mzungu, hakusikia vizuri alichoambiwa, anaweza kuomba asome yeye, macho yangu yameyazoea maandishi haya, binti, lete kitabu, halafu asome ambacho hakipo, asome kwa sauti nzuri, Ngeleja, Nyamizi, atunge na mwaka, Anatoli apige picha ambayo hawezi kuisoma, mwaka uende kwa fundi, na ni rahisi kiasi kwamba mkono wake umeshaanza kunyooka kuelekea mezani, na mkono ukiwa hapo hewani mstari wa pembeni unamjia wenyewe, hakuuita, unakuja na wino wake mwembamba, aliachwa penye zizi la Mayige, mtoto wa kutambaa, mwaka wa njaa, alikutwa na mtama uliotafunwa mdomoni.

Miaka ishirini na mmoja ameusoma mstari huo kwa kuruka, aliachwa, zizi, ndiyo maneno aliyoyaona, ng'wana zizi, mapaja ya baba, kwa hiyo yule mzee wa pombe alisema kweli, tulitupwa kama watoto wa mbwa, funga kitabu... leo anausoma neno kwa neno, uliotafunwa, na mtoto wa kutambaa hana meno ya kutafuna mtama, basi kuna mtu aliyetafuna, mwaka ule ambao watu walichemsha ngozi walizolalia, kuna mtu aliyekuwa na mtama mdomoni mwake, umelainika, umetoa utamu wake wote juu ya ulimi, koo linaunyemelea, tumbo linaunyemelea, naye hakumeza, akautoa kwa kidole akamwekea mtoto, akamweka penye zizi, mahali penye joto la ng'ombe na maziwa, mahali panapofunguliwa mapema kuliko pote katika boma, alipachagua, hakumtupa, kisha akaondoka na mdomo mtupu, akaenda wapi, akaanguka wapi, na yeye Method, ambaye yumo duniani kwa tonge lile la mtama, yeye na baba na Anatoli na Lucy na kitoto chenye kuitikia marahaba, alimtoa mwanamke huyo nje kama anavyotolewa mtoto msumbufu darasani, akakipa kiti chake jina la kuokota, na Jumamosi watamwaga pombe chini watamwita mwingine, na huyu atakuwepo, amesimama pembeni, anasikiliza kama ataitwa... na aibu yake aliyokuja nayo asubuhi, ya Anatoli, ya wazee, ya jiwe, inapungua na kuwa kitu kidogo, cha kuvumilika, mbele ya aibu hii nyingine isiyo na mlango wa kubisha, maana wengine atawaendea mmoja mmoja awaombe radhi kwa majina yao, huyu atamwombaje, atamwita nani?

Kidole kimefika chini ya ukurasa, Philomena anavua miwani, anaipangusa kwa pindo la kitenge, Anatoli bado ameinua simu, mkono umeanza kumchoka anausaidia kwa mkono wa pili, "Simwoni," anasema Philomena, na ana huruma usoni, "labda yumo kwenye kile kitabu kilicholiwa na mchwa, Mwalimu, watu wengi tunawakosa hivyo, nifunge?" na Anatoli anamgeukia, anamsubiri, atakachosema kaka ndicho kitakachokuwa, na kitabu kimeshaanza kufungwa, kurasa zinaangukiana, Mwalimu Method anatia kiganja katikati, karatasi ni kavu na vuguvugu kwa jua la dirishani, "Usifunge, mwanangu," anasema, "rudi kurasa mbili nyuma, ulizifunua pamoja zimeshikana, namba mia nne na sita. Soma yote. Na ule mstari wa pembeni usiuruke, usome kwa sauti, mzee Anatoli asikie."