Chumba cha Mbele kwa Mzee Mshamu

Vitumbua haviuziki adhuhuri. Mtu hula kitumbua asubuhi na chai yake, basi. Jua likishapanda unabaki na beseni lako na nzi wako. Kwa hiyo miaka ile ya ruksa, mabasi ya Kusini yalipozidi na kuanza kusimama Kibiti alfajiri abiria wanywe chai, nilijua nikipata chumba karibu na stendi nimeokoka. Nilikuwa nakaa shambani kwa kaka yangu Badru, njia ya Ruaruke, na kila siku nilifika mjini na beseni kichwani nikakuta abiria wameshashiba vya wenzangu.

Kutafuta chumba kulinitoa roho. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na kila mwenye nyumba alikuwa ameingiwa na wazimu wa duka. Vyumba vya mbele vilitobolewa milango ya barabarani, vikapigiliwa rafu, na juu ya rafu sabuni mbili na kiberiti. Bidhaa hawana, lakini kupangisha binadamu hawataki. Na pale walipotaka, waliniuliza kwanza mume wangu yuko wapi. Nikisema nimeachika, naambiwa chumba kimeshapata mtu.

Mzee Mshamu hakuniuliza. Nyumba yake ilikuwa kuukuu, ya miti na udongo, bati limekula kutu, ila ilikaa baina ya soko na stendi na ilikuwa na kisima uani. Alinipa chumba cha mbele kwa kodi niliyoiweza, nikamlipa kabisa ya mbele. Kilikuwa chumba cha mke wake mdogo, Nasma, ambaye alikuwa amempa talaka, naye akarudi kwao Mbwera.

"Kaa kwa raha zako, mwanangu," aliniambia. "Mwenyewe ameshakwenda zake."

Mke mkubwa, Bi Mwamini, alinipokea vizuri. Nadhani alifurahi kuona chumba kile kimepata mtu ambaye si mke mwenzake.

Ukuta ulikuwa umemeguka hata fito zinaonekana. Nilikanda udongo mwenyewe, nikakandika, nikapaka chokaa mpaka mikono ikachubuka. Nikahamia na kitanda changu cha kamba na chuma changu cha vitumbua. Asubuhi ya kwanza nilivuka barabara tu, vitumbua vikaisha bado vya moto. Nilirudi nyumbani naimba peke yangu.

Raha hiyo haikufika mbali. Mzee Mshamu alianguka msikitini siku ya Ijumaa, akafa.

Hapo ndipo nilipojua kwamba marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa ametoa talaka moja tu, na Nasma hajamaliza eda ya talaka hiyo. Kwetu hata mtoto anajua maana yake: mwanamke wa namna hiyo bado ni mke. Mume akifa anamrithi, na anarudi kukaa eda ya kifo katika nyumba ya mume. Mzee alikuwa amenipangisha chumba chenye mwenyewe. Alikosea kama wanavyokosea wanaume wengi wa huku, wakidhani mke akishafunga mizigo yake kwa hasira basi mambo yamekwisha.

Nasma aliwasili matanga hayajavunjwa, tope magotini, macho yamevimba. Wanawake walikuwa wamejaa uani. Alisimama mlangoni pa chumba, akaona kitanda changu na chokaa yangu, akakaa chini. Watu wote wakanitazama mimi.

"Ingia, mwenzangu," nikasema. "Chumba ni chako. Mimi mgeni tu."

Nani angesema vinginevyo? Nimwache mfiwa kizingitini mpaka tuulizane habari za kodi? Yale yalikuwa maneno ya msibani, kama mtu anavyokukaribisha chakula na mkononi amebakiza tonge moja. Kila mtu anajua yanavyosemwa.

Miezi minne na siku kumi tulikaa wawili katika chumba kile. Nasma alivaa nyeupe, hatoki, haonani na wanaume. Ndugu zake walimleta wakageuza, maana ndege wa mpungani hawangoji mtu amalize msiba. Maji nilimtekea mimi. Chakula nilimpikia mimi. Kitandani kwangu alilala yeye, mimi mkekani. Vitumbua nilivichomea uani ili moshi usimsumbue, na kuku wa Bi Mwamini wakachakura unga wangu wa mchele kila nikigeuza kisogo. Majirani walipita wakiniombea dua kwa wema wangu. Dua zile zilinichosha kuliko ndoo za maji.

Na Nasma hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo lililonikera zaidi. Alinifundisha kusuka ukili. Alinichekesha. Ningepata sababu ya kumchukia ningelala vizuri. Nikajipa moyo kwamba eda itaisha, atakwenda kwao, na kitanda changu kitarudi kuwa changu.

Nasma akatoka eda. Akaoga, akabadili nguo, na Hemedy, mdogo wake marehemu, akawaita warithi uani wagawane nyumba. Nasma akapewa kile chumba cha mbele. Papo hapo wakaafikiana kitobolewe mlango wa barabarani. Hemedy atamwekea bidhaa, yeye atauza, na nyuma ya rafu atalala. Wanayasema hayo nami nipo, nawamiminia kahawa.

Nikaweka birika chini. Nikasema mimi ni mpangaji, nilipatana na marehemu, kodi alipokea, na ukuta ule nimeukandika kwa mikono hii. Bi Mwamini akatazama pembeni. Alijua yote, lakini fungu lake lilikuwa bado halijatajwa na hakutaka kumuudhi shemeji yake.

Hemedy hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mwanangu Biasha," alisema kwa upole, "siku ile ulitamka mwenyewe kwamba chumba ni chake, wewe mgeni. Tulikusikia wote, na tukakusifu. Leo mbona unayakana maneno yako?"

Nikamjibu kwamba yale yalikuwa maneno ya msibani. Mzee mmoja akauliza kama msibani basi watu huwa wanasema uongo. Wakacheka kidogo, wakaendelea na vyumba vya nyuma.

Nikamgeukia Nasma, nikamwomba aseme yeye. Akanishika mkono, machozi yakimlenga, na yalikuwa machozi ya kweli.

"Dada Biasha, wema wako sitausahau mpaka nakufa," alisema. "Nilifika hapa sina pa kuweka ubavu, ukanikaribisha. Na mimi nakukaribisha. Siku yoyote ukija mjini, usinipite."

Ukija mjini. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo yangemrudisha Mbwera kwa miguu. Lakini uani palikuwa na watu, na wote walikuwa wananitazama, wanangoja kusikia mwanamke mwenye adabu zake atajibu nini.

Nikasema, "Ahsante, mwenzangu. Mungu akuzidishie."

Kisha nikaingia ndani kukitoa kitanda changu.