Mfungo wa Diwani

Wangari alimfungisha paka. Naanza hapo kwa sababu watu wa Lodwar wakisimulia habari hii huanza na mimi, na hiyo si haki.

Ilikuwa Januari 2013, uchaguzi ukikaribia. Ushirika wetu wa maombi, wafanyakazi wa serikali tuliotoka "kule Kenya" kama wenyeji wanavyosema, uliamua kufunga siku ishirini na moja ili kura zipite bila damu. Hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna mayai. Mimi ni afisa wa mifugo, nashinda juani nikikimbizana na mbuzi, kwa hiyo siku ya pili nilikula mbavu hotelini mchana kweupe. Wangari, karani wa ofisi ya ardhi na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliniona. Jioni alisimama mbele ya watu wote akasema, "Tumwombee Dada Chelangat. Tumbo limemshinda." Watu walicheka. Nilicheka nao, huku moyoni nikimlaani.

Kesho yake asubuhi, Jumatano, nilipita kwake kuaga maana nilikuwa natumwa Kakuma kwa chanjo. Diwani, paka wake, alikuwa amelala chini ya meza. Aliitwa Diwani kwa vile alikula vizuri na hakufanya kazi yoyote. Alikuwa mnene kama mtungi, amelelewa kwa matumbo ya mbuzi na vichwa vya samaki wa Kalokol, kule ziwani. Wangari hakuwa na mtu mwingine nyumbani. Mumewe aliacha kupiga simu tangu Wangari ahamishwe huku, na huyo paka ndiye aliyeongea naye jioni. Nilikuwa nawasikia ukutani.

Mbele ya Diwani palikuwa na sahani ya dengu na sukuma wiki, imekauka.

"Hajagusa tangu Jumatatu," Wangari alisema, tena kwa fahari. "Nimefunga madirisha asishike hata mjusi. Ninawi ya nabii Yona mpaka ng'ombe walifunga, dada."

Ng'ombe, ndiyo. Ng'ombe ana matumbo manne na anaweza kuishi kwa nyasi kavu. Paka ana utumbo mfupi, meno ya kukata tu, na ini lililozoea kuchoma nyama mchana na usiku. Nyama isipokuja, ini hilo halijui kungoja. Na akiwa mnene ndiyo mbaya zaidi: mafuta ya mwili yanalivamia na kulijaza mpaka lishindwe kazi. Siku chache zinatosha. Nilisoma hayo chuoni na niliyakumbuka pale pale mlangoni, neno kwa neno.

Nikamwambia, "Heri yako, unamfundisha imani."

Nilitaka ahangaike kidogo. Nilitaka aje kwangu aniite daktari na aombe. Ndiyo hiyo tu, na sitaipamba.

Kakuma tulichanja mbuzi siku tano. Jioni nilikuwa nakunywa chai kwa Aluel, mama wa Sudan Kusini aliyekuwa na kibanda kwenye kambi ya wakimbizi. Alikuwa na paka mwembamba wa kulinda mtama wa mgao dhidi ya panya. Siku moja nilimkuta akibadilisha kikombe cha mafuta ya mgao kwa vipande viwili vya samaki mkavu.

"Ya watoto?" nikauliza.

"Ya paka. Jana hakuna panya, leo hakuna." Alinitazama kana kwamba mimi ndiye sikwenda shule. "Daktari, mtu anaweza kula adas, hii dengu ya mgao, mwaka mzima, sababu ya shida. Paka hapana. Tumbo yake ni ya nyama."

Simu yangu ilikuwa mfukoni, ina chaji na mtandao ulikuwepo. Niliitoa, nikaangalia saa, nikairudisha.

Nilirudi Lodwar Jumanne asubuhi. Kabla sijavua viatu Wangari alikuwa mlangoni, amembeba Diwani kwenye leso.

"Daktari, nisaidie. Anatapika maji tu."

Nilimfungua mdomo. Ufizi ulikuwa wa manjano, na ndani ya masikio vilevile. Ngozi ilining'inia mbavuni. Ofisini nilikuwa na dawa za minyoo ya mbuzi na chanjo, basi. Angehitaji mpira wa kulishia tumboni na maji ya mishipa kwa wiki kadhaa. Nilimweleza yote, ini, mafuta, taratibu kabisa, kama ninayemfundisha. Nilikuwa nimelingoja somo hilo siku sita.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ile Jumatano ulipopita, angepona?"

"Angekula matumbo ya mbuzi siku hiyo, angepona."

"Na ulijua."

Ningeweza kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya. Labda nilikuwa bado nataka kushinda.

"Nilijua."

Hakunitukana. Alinisogelea, akaniwekea Diwani mikononi na kunirekebishia leso asianguke.

"Basi mshike wewe," akasema, akaenda kwake na kufunga mlango.

Nilikaa naye kwenye kizingiti kuanzia saa tatu asubuhi. Sikuwa na sindano ya kummaliza. Nilimsikia Wangari nyuma ya ukuta akilia, kisha akaimba. Nilijichukia mchana ule kuliko nilivyowahi kumchukia yeye. Diwani alikata roho saa tisa. Kabla ya hapo, kwa muda mrefu, alikuwa akikoroma kwa raha kifuani pangu, kama paka yeyote anayejua yuko kwa mtu wake.