Bila Barafu

...na hakuulizwa, hilo ndilo lililomkera, mkewe hakuulizwa anakunywa nini, mhudumu alikuja tu na sinia lake akamwekea glasi mbele kana kwamba anamrudishia kitu alichosahau, maji ya ndimu, "Dada, bila barafu, kama kawaida," akasema, ndipo akamgeukia yeye, "Na mzee je, tumletee nini?"... dada na mzee, watu waliolala kitanda kimoja miaka nenda miaka rudi, leo mmoja dada mwingine mzee, na huyo anayemwita mwenzake mzee ana mvi hadi kwenye nyusi, kwao hakuna kioo au vipi... "Soda, yoyote, ila iwe ya baridi," alijibu, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka, na mkewe akasema kwa upole, "Hapa soda zao hazina baridi sana," yaani anajua, anajua mpaka baridi ya soda za hapa, kisha akainuka, "Ngoja nikanawe mikono," akaenda, wala hakuuliza sinki liko wapi, akapita katikati ya meza, akakata kushoto nyuma ya kabati la glasi, akapotea... mtu akienda kunawa mahali asipopajua husimama kwanza, huangaza macho, huuliza, lakini yeye kaenda kama anakwenda jikoni kwake, na mume kabaki hapa na glasi isiyo yake, anaitumbulia macho kama vile itasema.

Kama kawaida, kawaida ya nani, kawaida haiji siku moja, lazima uje, urudi, urudi tena, mpaka watu wakuzoee, mpaka waache kukuuliza, na siku hizo zote yeye alikuwa wapi, alikuwa barabarani na pikapu yake, anabeba mapande ya barafu juu ya gunia, maji yanamchuruzika mgongoni, anapeleka huku, anapeleka kule, nani asiyemjua, mji mzima unamwita Barafu, hata watoto wake huko shuleni ni watoto wa Barafu, hakuna pa kula wala pa kunywa kwenye ufukwe huu asipopajua, tena anapajua kwa mlango wa nyuma, ambako ndiko mambo yaliko, mbele ni vitambaa vya meza na maua ya plastiki, nyuma ndiko unakojua nani anaosha glasi na nani anazisuuza tu na kuzipangusa kwa aproni, ndiyo maana mkewe hajawahi kuumwa tumbo tangu amwoe, si bahati hiyo, ni yeye, yeye ndiye aliyechagua, kwamba samaki wa kuchoma ni kwa yule mpishi wa chini ya turubai, anatukana kama amelipwa, lakini mkono wake, ah, ule mkono ni wa peponi, juisi ni kwa wale ndugu wawili wasiosemezana, wanapitishiana kisu kwa wateja, "Mwambie anipe kisu," "Mwambie achukue mwenyewe," na juisi yao hakuna mfano, kahawa ni pale kwa mafundi wa injini, usijali harufu ya mafuta, na siku ya sherehe kubwa ni kwenye hoteli yenye bwawa, wanakomlazimisha kuvaa viatu, na kote huko alimpeleka, kote alimwonyesha, "Hapa vipi?" na yeye akajibu, "Pazuri"... kila mahali pazuri, turubai pazuri, bwawa pazuri, mafuta ya injini pazuri, hivi kuna mtu anayependa kila kitu sawasawa, na yeye mjinga alikuwa anafurahi, anajisema, mke wangu hana makuu.

Na leo asubuhi, siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, ameegemea mlango wa chumba kama bwana harusi, anajisikia, akamwambia, "Leo chagua wewe, mama, popote unapotaka," akijua atasema kwa mpishi, lazima aseme kwa mpishi, alikwishamwambia mpishi awaandalie samaki mnono, na mkewe, bila hata kumeza mate, bila hata kufikiri, "Twende pale penye madirisha ya kijani"... mji mzima umejaa meza na yeye kachagua hapa, pahali pamoja tu ambapo gari la Barafu halisimami, ambapo huyo bwana wa kaunta, mwenye mgahawa, alimpokea mlango wa nyuma na tabasamu lililopigwa pasi, "Asante kaka, tuna mashine yetu," akafunga mlango taratibu, angebamiza ingekuwa afadhali, na tangu siku ile nani hajasikia habari za mashine hiyo, kila jikoni alikopita amewaeleza kwamba barafu ya mashine ina tundu katikati, ni hewa tupu, inayeyuka kabla haijafika mdomoni, na nyumbani mezani amelisema hilo mara ngapi, na mkewe anamchotea mchuzi anaitikia, "Ehe," "Kweli," "Ehe," mwanamke huyu alikuwa anaitikia ehe huku tumboni ana maji ya ndimu ya hapa hapa... lakini bila barafu, ngoja, bila barafu, labda ni kwa ajili yake, labda alikataa ya mashine kwa kumheshimu mumewe, moyo ukapata upepo kidogo, ukapoa, halafu ukachemka upya, kwa sababu nyumbani kwao pia, jokofu limejaa barafu mpaka mlango haufungi, hata kwao, akikumbuka vizuri, hajawahi kumwona akitia kipande kwenye glasi yake, humtilia yeye, huwatilia watoto, huwatilia wageni, yeye hunywa hivyo hivyo, miaka yote, na hakuna aliyemuuliza.

Huyo pale kwenye kaunta, mwangalie, anainua glasi kwenye mwanga, anaipangusa, anainua tena, shati lina mkunjo wa pasi mpaka mkononi, vidole vyembamba vya mtu asiyebeba kitu kizito kuliko kikombe, mikono mikavu, ya moto... yake yeye imepasuka kwa baridi, huwa anaificha chini ya mapaja kabla ya kumgusa mkewe ili ipate joto, na bado siku moja mkewe alishtuka akacheka, "Jamani, mikono kama ya maiti," walicheka wote wawili, yeye akacheka zaidi, lakini neno lilimkaa, linamkaa mpaka sasa, na huyu wa kaunta hahitaji kukalia mikono yake... basi ndiyo zile jioni, sasa anaziona, zile siku anazosema, "Napita kwa dada," anavaa gauni la bluu, anarudi ametulia, anapika huku anaimba chinichini, anampakulia minofu minono, anamuuliza habari za kazi na kumsikiliza mpaka mwisho, na yeye alizipenda siku hizo, Mungu wangu, alizingojea, alikuwa akimshukuru shemeji yake moyoni, anasema yule dada ana maneno ya busara, sijui humwambia nini, kumbe shemeji hana hili wala lile, kumbe alikuwa analishwa furaha iliyopikwa hapa, na huyu, na mashati yake. Wivu ukampanda hadi masikioni, akajikaza kisabuni, akashika ukingo wa meza, maneno tayari anayo, kaka, nina neno na wewe, hapana, asimwite kaka, we bwana, hebu toka nje... meza ikatikisika, maji ya ndimu yakatikisika, na soda ikatua mbele yake.

"Samaki yule yule wa dada yuko njiani, mzee," mhudumu akasema.

"Hebu," akamshika mkono wa shati, alitaka kufanya mzaha, ule mzaha wake wa milango ya nyuma unaofungua kila jikoni, ukagoma, "hebu niambie, huyu dada yako... huwa anakuja na nani hapa?"

"Nani, huyu? Na mtu?" mhudumu akamwangalia kama mtu aliyeulizwa jua linatokea upande gani. "Huyu hana mtu, mzee. Anakuja peke yake."

"Peke yake."

"Peke yake. Anakaa hapo hapo ulipokaa wewe, anaagiza samaki, anakula polepole, anaangalia wapita njia. Akimaliza anakaa tena kidogo. Mwanzoni nilikuwa namsemesha, unajua kazi yetu, nikaona kama nimemkatiza kitu. Basi, tunamwacha."

"Na bosi wako?"

"Bosi ana nini?"

"Hamsemeshi?"

"Bosi hata jina lake halijui." Akapangusa tone mezani. "Kwani wewe ni kaka yake? Mnafanana kidogo hapa usoni."

"Ni mke wangu."

"Alaa! Hongera, mzee," mhudumu akasema, na akaondoka haraka kidogo, kama mtu aliyemwaga kitu.

Peke yake, basi, hana mtu, hakuna mtu, shati la pasi ni shati tu, moyo wake ulipaswa kushuka sasa, akaungoja ushuke, mwanamume mwingine angeinuka hapa akacheza, akaagizia meza zote vinywaji, peke yake jamani, mke mwaminifu kama jiwe... akangoja, haukushuka, badala yake kitu kibaya zaidi kikaja kikakaa polepole, kwa sababu ingekuwa ni mwanamume angejua la kumfanya, angemwona alivyo, mfupi au mrefu, angemshinda kwa kitu, kwa nguvu, kwa watoto, kwa miaka, hata kwa kelele, lakini utapigana na nini hapa, na kiti, na dirisha la kijani lililokula chumvi, na mchanga uliopulizwa mpaka chini ya meza, na wapita njia na taulo zao mabegani, mwanamke kavaa gauni la bluu, kamdanganya mumewe, kapita mji mzima, si kwa ajili ya mtu, kwa ajili ya kukaa, kukaa mahali ambapo yeye hayupo... na hata uongo wenyewe, napita kwa dada, mbona hakusema tu naenda kukaa, na papo hapo akajua kwa nini, yeye mwenyewe angesema, nami nakuja, ngoja niwashe gari, twende kwa mpishi, angemshika mkono akampitisha mlango wa nyuma, mpishi angetukana, yeye angecheka, angemweleza mkewe samaki huyu katoka wapi na nani kamvua na nani kamlalia bei, angeinuka katikati ya chakula akasaidie kushusha mapande, akarudi, akaendelea pale pale alipoishia, ndivyo walivyokula, kote, turubai, bwawa, injini, na sasa akajaribu kukumbuka kitu kimoja tu alichosema mkewe kwenye meza hizo zote zaidi ya pazuri, akatafuta, akarudi nyuma akatafuta tena, mpishi alimkumbuka kila tusi, wale ndugu wa juisi aliwakumbuka, mkewe alimwona tu amekaa pembeni, anaitikia... na bado alikuwa anaona wivu, ndiyo ajabu, wivu ule ule, haukupungua hata chembe, ila sasa ulikuwa wa mkewe mwenyewe, alimwonea wivu kwa kuwa na mahali, yeye anayejua milango yote ya mji huu hana hata mmoja anaoingia ili akae, na alilionea wivu dirisha, aliionea wivu meza hii chini ya viwiko vyake, kwa sababu ilipewa kitu ambacho yeye hakupewa, na hata hakujua ni kitu gani.

Ndipo mkewe akatokea nyuma ya kabati la glasi, anakausha mikono kwenye gauni, na hakuwa anamwangalia, alisimama kidogo mlangoni pa ukumbi, dirisha likamvuta, akatazama nje, kitu fulani huko barabarani kilimchekesha, si kicheko, ni pembe ya mdomo tu, na uso wake ukawa mlegevu, mpana, hauna kazi ya kufanya, hauna mtu wa kumhudumia... mume akamwangalia mwanamke yule, alivyo mzuri, akamwangalia kama mtu anavyomwangalia asiyemjua, huku anajua kila kovu la mwili wake, uso ule hajawahi kuuona, si siku ya harusi, si alipojifungua, si usingizini, basi ndicho hiki, ndicho alichokuwa akikileta hapa na kukiacha hapa, na kwake zikaja zile nyimbo za jikoni na minofu minono, yale mabaki... halafu mkewe akageuka, akamwona, akakumbuka kwamba yupo, akatabasamu, tabasamu zuri, la mke, la nyumbani, alilolipenda siku zote, na ule uso mwingine ukaondoka, aliuona kwa macho yake ukiondoka.

Akaja, akaketi, akanywa maji yake funda moja.

"Bado hawajaleta?"

"Bado," akasema, na mdomo ulikuwa tayari wazi, ulikuwa na mambo, kwamba mafuta yao yananukia ya jana, kwamba kwa mpishi wangekuwa wameshamaliza zamani, kwamba huyu mhudumu kamwita kaka yake, hili lilikuwa la kuchekesha kweli, wangecheka wote wawili, yeye angecheka zaidi... akaufunga. Mkewe akamtazama, akingoja, amezoea kungoja. Yeye akavuta kiti chake upande kidogo, kikakwaruza sakafu, akampa bega, akatazama barabarani kama mtu anayepumzika, akaangalia taulo, viatu vyenye mchanga, mwanamke anayemvuta mbwa asiyetaka kwenda, akakaa kimya, akazidi kukaa kimya, mpaka akahisi pale pembeni yake mkewe ameacha kumtazama na kugeukia dirisha, pumzi yake ikawa ndefu, na akatamani kuliko kitu chochote kuuona uso ule tena, ulikuwa hapo, karibu na bega lake, labda umerudi, labda haukurudi, na hakuthubutu kugeuka.