Mpishi wa Posa ya Farida

Vidole vyangu vya mkono wa kulia vyote vimelalia upande mmoja, kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Daktari alisema ni baridi yabisi. Majirani zangu wa Temeke walikuwa na jina lao, ukoma, na walilitaja nikishawapa mgongo.

Mwaka wa tisini na mbili, tulipoletewa habari kwamba washenga wanakuja kumposa binti yangu Farida, niliogopa kweli. Wakiuona mkono huu, watarudi na posa yao. Nikajifanya mjanja: mdogo wangu Hamisa, mwenye vidole vya kuvalia pete, akae mkekani kama mama mzazi. Mie nitakuwa mpishi. Mpishi gani asiyeweza kumenya kitunguu! Farida sikumwambia.

Washenga wakanikuta njiani natoka dukani kununua iliki. Mzee Kondo, mkubwa wao, akaniuliza kwa kina Farida ni wapi.

"Nyumba ile pale," nikamwonyesha.

Tatizo ni kwamba mie nikionyesha mbele, vidole vinaonyesha kulia. Msafara mzima ukaingia kwa Mama Jamali, mwenye mabinti watatu wasioposwa. Nilipofika alikuwa keshawatandikia mkeka.

"Samahanini, nyumba siyo hii; mie mpishi tu wa kina Farida," nikasema, nikawatoa huku Mama Jamali akinikata jicho.

Hatimaye wakakaa kwetu. Hamisa akatambulishwa, akapewa heshima zote. Nikawa nachungulia kutoka jikoni, mikono ndani ya kanga, nikijisifu kwa akili zangu. Kisha nikamsikia anaitwa Mama Farida, na wivu ukanishika.

Kwetu binti huulizwa akiwa chumbani, na akinyamaza ndiyo amekubali. Kaka yangu Twalib akausogelea mlango.

"Farida, unamkubali huyu kijana?"

"Mjomba, mie sijibu," sauti ikatoka. "Mama namsikia huko jikoni anaangusha vifuniko. Aje akae mahali pake kwanza."

Vichwa vyote vikageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Hamisa akasogea upesi. Nikaja, nikakaa, nikaiweka mikono yote miwili mapajani, wazi. Wakaitazama.

Mzee Kondo akakohoa. "Kumbe ndiyo maana tulipotea," akasema, na wanawake waliokuja naye wakacheka. Hakuna aliyenyanyuka.

Twalib akauliza tena.

Chumbani hakukutoka neno, nami nikalia mbele ya wakwe.