Fundo la Kisigino

Vukoje alifariki Jumanne asubuhi akiwa na soksi mguu mmoja tu. Ile ya pili alikuwa amemrushia mkewe, Stamena, aliyekuwa akisugua sufuria.

"Bibi wewe, kisigino kinabana," alisema. "Miaka arobaini na mmoja unanifumia visigino vya bahili."

Stamena hakuwa mtu wa kuacha neno lipite bila kulijibu. Alimwambia basi aende peku, aone kama atafika mbali. Akabeba ndoo, akaenda zizini kukamua. Aliporudi na maziwa, Vukoje alikuwa palepale kwenye benchi kando ya jiko, kichwa kimeegemea ukuta. Kumbe alikwisha kwenda, na peku kweli, ule mguu mmoja.

Kijijini kwao maiti huvishwa soksi mpya, za mkono, ambazo hazijakanyaga sakafu. Na soksi hizo hazitiwi fundo hata moja. Ncha ya uzi hupenyezwa katikati ya vitanzi mpaka ipotee, kwa sababu fundo humfunga marehemu hapahapa, akabaki kuzungukazunguka uani kama kuku aliyefungwa mguu. Wasichana wa huko hulijua hilo kabla hawajajua kufunga vifungo vyao wenyewe.

Stamena alikuwa nazo tayari jozi mbili nyeupe chini kabisa sandukuni, ya mumewe na yake. Ya mumewe ilibaki visigino tu, kwani hakutaka kuimaliza akaonekana anamharakisha mzee wa watu. Basi mchana ule, majirani walipokuwa wakimwosha Vukoje, yeye aliketi dirishani akafuma visigino. Cha kwanza alikimaliza kama inavyotakiwa. Kwenye cha pili alitazama kushoto, akatazama kulia, akapiga fundo dogo kama punje ya dengu, akalisukuma ndani.

Soksi zilikwenda kwa Dobrila, dada wa marehemu. Macho ya Dobrila yalikuwa yameshastaafu, lakini vidole vyake vilikuwa bado kazini. Alizigeuza ndani nje, akazipapasa polepole, akasimama kwenye kisigino.

"Wifi, hiki ni nini?"

"Kipele cha sufu."

"Sufu yako siku hizi inaota vipele?"

Dobrila aliwaomba majirani wakaangalie ngano iliyokuwa ikichemshwa kwa ajili ya matanga isije ikaungua, akafunga mlango, akakaa.

"Unataka kaka yangu akae mlangoni kwako anapigwa na theluji, haingii wala haondoki?"

"Nilimwambia aende peku," Stamena alisema. "Ndilo neno langu la mwisho kwake. Nilitaka anisubiri kidogo, nimpe jingine."

Dobrila aliikunja ile soksi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hazikwi mpaka kesho adhuhuri," alisema. "Yupo hapo kitandani, na safari hii hana pa kukimbilia. Na wewe sindano unazo. Mwambie."

Stamena akavuta kiti mpaka ubavuni mwa mumewe. Hakufungua fundo tu. Alifumua kisigino chote, kisha na cha mguu wa pili. Hesabu ile ya kisigino kifupi alifundishwa na mama yake, kwao walikokuwa na kondoo wanne na watoto saba, na kila mtoto alipunjwa kisigino ili mwenzake naye apate. Kwamba kinambana Vukoje, Stamena alijua tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Angeongeza mizunguko minne tu. Lakini mzee alikuwa akiomba kwa kejeli, na yeye alimnyima kwa kejeli vilevile, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa ndiyo maongezi yao.

Alipoongeza mizunguko hiyo, sufu ikaishia katikati ya kisigino cha pili. Akanyoosha mkono sandukuni, akatoa jozi yake mwenyewe, akaanza kuifumua. Alilowesha ncha ya uzi ulioisha na ncha ya uzi huu kwa mate, akazisugua viganjani mpaka zikashikana bila fundo.

Dobrila alisikia vitanzi vikifumuka. "Na wewe utakwenda na nini?"

"Peku," Stamena alisema. "Nione kama nitafika mbali."

Dobrila alicheka, halafu akajifuta uso kwa pindo la kitambaa cha kichwani.

Kabla jua halijazama visigino vilikuwa tayari. Stamena aliinama karibu na sikio la mumewe. "Kilikuwa kinabana," alimwambia. "Nilijua."

Kisha akamvisha. Soksi ziliingia bila kuvutwa, kisigino kikakaa mahali pake, kimejaa vizuri. Stamena akabaki ameshika ule mguu, akisubiri, kwa mazoea tu, asikie safari hii mzee atapata kosa gani.