Kompyuta ya Kumi na Saba

Feni ilizunguka kivivu juu ya kichwa changu, kompyuta zikavuma, na mchana ule ukawa kama usingizi wa mtu mwingine niliouazima. Ndipo nikaliona jina kwenye orodha ya takataka: "Mama anaimba akikunja nguo."

Loo! Mama yangu huyo!

Kazi yangu ni kufagia ghala la sauti la kampuni, ingawa ufagio siushiki. Niliandika programu inayoziuliza kompyuta arobaini, kila moja katika mji wake: "Sauti hii bado unaihitaji?" Zikipita siku tatu bila hata moja kuitikia, sauti hufutwa. Sheria niliitunga mwenyewe, nikaringa nayo: anayenyamaza, hana haja.

Sauti ile aliipakia dada, naye mfanyakazi wa kampuni hii katika mji mwingine, siku za majaribio, mama akiwa hai. Ilishikwa na kompyuta moja tu, ya kumi na saba, ya ofisi yake, nayo ilikuwa kimya. Dada naye kimya, tangu tulipogombana siku ya mazishi, mwaka wa pili huu. Sikumtafuta. Sheria ni ile ile.

"Bosi, tusimamishe kidogo," nikaomba.

"Ghala limejaa pomoni. Saa tisa lifagiwe."

Ilibaki robo saa. Ruhusa ya kuifungua sauti ile sikuwa nayo. Ya kuifuta ninayo. Jamani, ujinga gani huu! Nikameza kiburi, nikapiga simu.

"Mimi, dada. Mdogo wako."

Kimya. Siku nyingine ningekata. Nikangoja, hata nikasikia anavuta pumzi.

"Ulikuwa wapi wewe?"

"Kompyuta yako haijibu. Sauti ya mama itafutwa sasa hivi."

"Itafutwa? Wanapaka rangi ukuta, wamechomoa nyaya tangu Jumatatu!" Meza ikaburutwa, akamfokea mtu ampishe. "Haya, inawaka. Usikate!"

"Sikati."

Saa tisa kasoro dakika mbili, kompyuta ya kumi na saba ikaitikia, jina likatoweka kwenye orodha ya takataka.

"Upo?" dada akauliza, akaisogeza simu kwenye spika.

Mama aliimba taratibu, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, nguo zikikung'utwa. Mara wimbo ukakatika.

"Nyie wawili, mko wapi? Njooni mshike ncha, shuka hili halikunjwi na mtu mmoja."

"Tupo, mama," nikasikia dada akijibu.

Nami nikanyoosha mikono.