Nafasi Yake Mezani
Katika karakana yangu ya kujalidi vitabu, kosa la mpangilio huonwa hata na asiyejua kusoma. Kila fungu la kurasa huchapwa alama nyeusi mgongoni, na kila alama hukaa chini kidogo ya ile iliyoitangulia. Mafungu yakipangwa sawasawa, alama hushuka kama ngazi. Ngazi ikivunjika, kitabu hakishonwi.

Kwa hiyo shule iliporudisha vitabu sita vya historia ambamo sura ya tano ilitangulia ya pili, nilibandua jalada la kimoja, nikamwita mshonaji mbele ya wenzake. Alikuwa binti yangu, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, fundi niliyemfunza mwenyewe, na ambaye nilikusudia kumwachia karakana.

"Hii ni ngazi?" nikamwuliza.

Alipitisha kidole juu ya alama zilizoruka huku na huku, kisha akacheka. "Ndiyo, Baba. Iko sawa."

Nilidhani ananidhihaki. Nikamwondoa kwenye meza ya kushonea, nikampa ufagio. Sikio halizidi kichwa, nikasema, na wote wakainamia kazi zao isipokuwa mbandika majalada, mama tuliyemwita Bi Gundi.

"Mzee, huyu si mvivu," akasema. "Juzi kaniuliza mara tatu kama nimeshakunywa chai, na kikombe ninacho mkononi. Nikamwambia, bibi wee, kama unakitaka sema tu! Wala hakutabasamu."

"Wazee ndio husahau. Mtu wa umri wake hupuuza."

"Haya. Karakana yako, mimi na gundi yangu."

Alasiri ile nilifungua mtoto wa meza ya binti yangu kutafuta msharasi. Niliukuta umefungiwa kikaratasi kwa uzi, na juu yake mwandiko wake: "Msharasi. Wa kutobolea." Mkasi ulikuwa na kikaratasi chake, na sindano pia. Chini kabisa palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne: "Nyumbani: kushoto kwenye duka la rangi, mlango wa buluu. Baba akiuliza jambo, cheka kwanza, upate kufikiri."

Nilimkuta uani, ufagio mkononi.

"Tangu lini, mwanangu?"

Aliiona karatasi. "Yapata mwaka. Maneno yalianza kunitoroka, nikasema ni uchovu. Kisha siku moja nikasimama njia panda ninayopita kila siku, nisijue niende wapi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema niongeze bidii."

Kesho yake nikampeleka hospitali.

Daktari alimpima kwa majuma kadhaa, akaondoa kwanza maradhi mengine yanayofanana na hayo. Mwishowe alisema kwamba ubongo wake unadhoofika kama wa mzee; kwamba jambo hili huwapata hata walio katikati ya umri, na wengi wao huitwa wavivu au walevi kabla ya kuitwa wagonjwa; na kwamba dawa ya kuliponya haipo.

Tulipotoka akanishika mkono. "Nirudishe mezani, Baba. Kagua kila kitabu, sitakasirika. Na siku nitakapokuwa siwezi tena, uniambie wewe mwenyewe. Usimtume mtu."

Nikaahidi. Nilimrudisha mbele ya watu wote, kama nilivyomwondoa, na kosa langu nikalikiri kwa sauti.

Alishona miezi minane. Mwanzoni nilikuwa nikifumua kitabu kimoja katika ishirini, kisha kimoja katika vitano, kisha vyote. Siku alipojichoma sindano kiganjani akaendelea kushona, damu ikiingia karatasini, nilimshika mkono nikamwambia kwamba kazi yake imekwisha.

"Sawa, Baba. Ahsante kwa kuniambia." Akavua aproni, akaikunja vizuri, mumewe akaja kumpeleka nyumbani.

Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza mlangoni, amevaa aproni nyingine, akiuliza mbona leo nimechelewa kufungua. Nikamwambia tena. Akalia, maana kwake ilikuwa habari mpya.

Siku ya tatu tukamsikia akibisha hodi. Bi Gundi akaweka brashi chini. "Mzee, pumzika. Leo nitamwambia mimi."

"Nimeahidi," nikajibu, nikaenda kumfungulia.